Mgonjwa Niliyemfunika Mablanketi Mawili

Ninyi manesi vijana mnaokuja kunisalimia hapa Sumbawanga, mkishamaliza shikamoo mnapenda kuniuliza jambo moja: eti zamani Ufipa ilikuwa na baridi kiasi gani? Mnacheka mkisikia kwamba tulilala na moto ndani ya nyumba, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Huwa nawajibu, maana mgeni akiuliza hujibiwa. Leo sijibu hilo. Leo nataka kuwaambia habari ya joto, na nitawaambia kwa hasira, kwa sababu hasira hiyo nimekaa nayo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na sioni kwa nini niifiche.

Kazi nilifundishwa katika hospitali ya misheni. Mwalimu wetu alikuwa sista mmoja mzee, mwenye mikono kama ya mfua chuma, na duniani alikuwa na adui mmoja tu: baridi. Mtoto akizaliwa, funika. Mama akishajifungua, funika. Mgonjwa akiletwa kwa machela kutoka mbali, kabla hujamuuliza jina, funika. Hakukosea. Huku juu, mwezi wa sita, mtoto mchanga anaweza kukufia mikononi kwa upepo wa mlangoni tu. Ndiyo maana mama zetu walifuma kofia za sufu kabla hata mimba haijaonekana vizuri. Nilihitimu nikiwa bingwa wa kufunika. Hakuna aliyenifundisha kufunua.

Nikapangiwa zahanati ya kijiji kipya, nusu siku kwa miguu kutoka Kaengesa. Jina la kijiji silitaji, maana watu wake wapo na wajukuu wao ni wepesi wa kukasirika kama mimi. Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wanaishi mabondeni, kila ukoo na kijito chake na mikuyu yake, walikusanywa juu ya mgongo wa kilima kando ya barabara, ili lori lifike, shule ifike, dawa zifike. Msinielewe vibaya. Bila kijiji kile nisingekuwa na kazi, na watoto wengi niliowachanja surua wangekuwa makaburini. Mimi nilikuwa naamini. Nyimbo za kijiji niliziimba kwa nguvu kuliko wengi, ingawa sauti yangu mnaijua.

Lakini aliyechagua mahali pale alitazama barabara, hakutazama maji. Miti ilikatwa ili mistari ya nyumba inyooke. Kisima kilichoahidiwa hakikuchimbwa. Maji yakawa saa nzima kushuka, na zaidi ya saa kupanda na ndoo kichwani. Zahanati tuliiezeka kwa bati, bila dari, na siku bati la mwisho lilipogongwa msumari tulipiga makofi wote. Mimi nilipiga zaidi.

Nilifanya kazi na mtu mmoja tu, Mzee Kapele. Yeye alikuwa dresa wa zamani, wale waliojifunza kufunga vidonda na kuchoma sindano kabla hatujapata uhuru. Kwa vyeti mimi nilikuwa mkubwa wake. Kwa kila kitu kingine alikuwa baba yangu. Alikuwa mkali, mchache wa maneno, na alivaa koti moja refu la kijivu kutoka Januari hadi Desemba. Nusu ya maisha yake ya kazi aliifanya kule bondeni, chini kabisa kuelekea Ziwa Rukwa, ambako joto ni jambo la kila siku. Sikuwahi kumuuliza huko alijifunza nini. Nilikuwa na cheti, ningeuliza nini?

Sasa, mwaka ule mvua zilichelewa. Mnajua kawaida yetu. Mwezi wa kumi jua linachoma kidogo, watu wanalalamika wiki mbili tatu, kisha mawingu yanakuja na tunapanda. Mwaka ule mwezi wa kumi na moja ulifika katikati, mbingu ni nyeupe kama sahani. Upepo ulikufa. Nyumba za bati ulikuwa huwezi kuegemea ukuta. Kuku walikaa midomo wazi. Wazee walisema hawajawahi kuona, na mzee wa Kifipa hasemi hivyo ovyo, kwa sababu kila kitu yeye alishakiona. Watu hawakujua la kufanya, basi wakafanya walichozoea. Akina mama waliendelea kuwavika watoto kofia za sufu. Wanaume waliendelea kwenda shambani na makoti. Nami kliniki nilikuwa nawasifu akina mama waliowafunga watoto vizuri.

Na shamba la kijiji liliendelea. Katibu wetu wa kata, ambaye sote tulimwita Ndugu Katibu, alikuwa amepanga saa za kazi: kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Mtu wa kilimo yeyote atawauliza, kwa nini saa tatu? Mkulima anaamka na jogoo, saa tatu ndiyo anapumzika. Nitawaambia kwa nini. Ndugu Katibu alikaa makao makuu ya kata, alikuja kwa pikipiki, na alitaka kuwapo mwenyewe majina yakiitwa. Kabla ya saa tatu alikuwa anakunywa chai. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Watu mia na kitu walilima kwenye jua la mchana ili mtu mmoja amalize chai yake.

Siku moja, saa saba mchana, waliniletea Alfonsi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kijijini aliitwa Baba Yustina, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mlimaji hasa, ambaye hakuwahi kukanyaga zahanati ila alipomleta mke wake kujifungua. Mzee Kapele hakuwapo, alikuwa ameenda mjini kuchukua dawa. Waliomleta walisema alianza kulalamika kichwa, akakataa kupumzika kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshawahi kusomwa mbele ya mkutano kama mtega kazi. Halafu akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akawa analima mahali pale pale palipokwisha kulimwa, akaanguka.

Nilimgusa. Alikuwa wa moto kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumgusa. Nikasema malaria, tena ya kichwani. Nikamchoma klorokwini. Mwili ukaanza kutetemeka, nami nikafurahi, maana nilidhani ni ile baridi ya malaria inayojulikana. Nikamfunika blanketi. Mke wake, Mama Yustina, alifika akikimbia kutoka njia ya majini, na alipomwona anatetemeka alikimbia nyumbani akaleta blanketi la pili. Nikalipokea. Nikalikunja vizuri chini ya miguu yake, kama nilivyofundishwa, ndani ya chumba cha bati, saa nane mchana.

Alikufa kabla ya saa kumi. Nikaandika kwenye daftari: malaria.

Mzee Kapele alirudi kesho yake asubuhi, tukiwa tumeshazika. Alikaa kwenye benchi akaniuliza mambo taratibu, moja moja. Alikuwa anafanya nini? Saa ngapi? Alikunywa maji? Jasho lilikuwapo? Alisema nini kabla ya kuanguka? Wewe ulifanya nini? Nikamjibu yote, mpaka nikafika kwenye mablanketi. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa mlango. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti. Alikuwa na mabega madogo.

"Binti yangu," alisema, "huyo hakuwa na malaria. Umemfunika mtu aliyekuwa anaungua."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mimi ndiye mwenye cheti. Hakugombana. Alitoka akaenda kuteka maji ya mtungi, akanywa, akaniachia chumba nilie.

Jioni ile ndipo aliponifundisha, nami nawafundisha ninyi, sikilizeni vizuri, maana hili litawapata. Mwaka jana tu hapa mjini, Oktoba, nimeona kijana wa bodaboda ameshushwa kando ya barabara akiwa na jaketi zito, wenzake wamemzunguka wanasema ana malaria, na nesi wa siku hizi mwenye simu mkononi anauliza ana kadi ya bima.

Mtu aliyepigwa na joto, kwanza muulize alikuwa wapi, kabla hujamgusa. Aliyekuwa juani akifanya kazi, au mzee aliyefungiwa chumba cha bati, au mtoto aliyefungwa nguo tatu mgongoni mwa mama yake, shuku joto. Mwenye malaria mara nyingi ameumwa tangu jana au juzi. Wa joto alikuwa mzima asubuhi. Angalia akili yake: akijibu ovyo, akiyumba kama mlevi na hajanywa, hapo huna muda. Usisubiri kuona kama ngozi ni kavu. Wengine wanakuwa na jasho bado. Mwondoe juani, mvue nguo, hata kama ni mkwe wako. Mmwagie maji mwili mzima, kisha mpepee, mpepee bila kuchoka. Ni ule upepo juu ya maji unaoondoa moto. Vitambaa vya maji weka kwapani, shingoni na kwenye mapaja. Akitetemeka usidanganyike ukarudisha blanketi. Aspirini usimpe. Kama hajitambui usimnyweshe chochote, utamzamisha. Akizinduka, mpe maji kidogo kidogo yenye chumvi kidogo sana na sukari, au togwa jepesi la ulezi. Na mpeleke hospitali ukiwa unaendelea kumpepea njiani, maana dereva atakuambia amepona.

Mzee Kapele alinifundisha hayo yote kwa kunifanyisha, nikiwa nimelala sakafuni yeye akinimwagia maji, kisha yeye amelala mimi namwagia. Mgonjwa aliyekuja kuomba dawa ya kikohozi alitukuta hivyo, akarudi nyumbani bila dawa. Kijiji kizima kikasikia kwamba nesi amechanganyikiwa kwa msiba na mzee wake pia.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Mama Yustina. Mzee Kapele hakunituma. Alisema kila mtu aamue mwenyewe. Nilimkuta anapepeta ulezi nje. Nilikaa chini, nikamwambia ukweli wote: kwamba mume wake aliuawa na joto, kwamba pengine angepona, kwamba nilimfunika nilipotakiwa kumfunua. Alisikiliza huku mikono inaendelea na ungo. Akaniuliza swali moja, kama ndivyo nilivyofundishwa. Nikasema ndiyo. Nilipoaga hakuitikia.

Siku tatu tulipishana njiani bila salamu. Kijijini hiyo ni adhabu kubwa, mtu akikukopesha moto lakini asikusalimie, ujue umekufa. Siku ya nne alikuja zahanati na jembe begani. Hakuketi.

"Sasa niambie," alisema, "saa ya kulima ambayo haiui."

Nikamwambia: kuanzia alfajiri, kunapoonekana vidole, mpaka saa tatu. Kila mtu na kibuyu chake cha maji. Mjamzito, mzee na anayenyonyesha wasiende. Akarudia kama anayejifunza sala, akaondoka.

Lakini kijiji hakikuwa na amri ya saa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole, akanielewa kabisa, akasema hana uwezo mpaka Ndugu Katibu akubali. Nikamngoja Ndugu Katibu shambani. Nilimpata amesimama kwenye kivuli cha mwavuli wake, daftari la majina mkononi. Nilimweleza kwa heshima zote. Alinisikiliza akitabasamu, akaniambia kwamba Ufipa hakuna joto, joto liko Dar es Salaam na watu wanafanya kazi. Akasema mimi ni mtaalamu, nisiwape watu uvivu wenye jina jipya.

Uvivu. Alfonsi alikuwa na siku nane kaburini.

Wiki hiyo hiyo akaanguka mwingine, mwanamke mjamzito, Lusia, mimba ya miezi saba. Safari hii mimi na Mzee Kapele tulikuwa tumeamua: kila siku saa za kazi mmoja wetu anakaa shambani. Tulimwona anayumba, tukamkimbilia kabla hajafika chini. Kivuli hakuna, mti hakuna hata mmoja, nimeshawaambia ilikatwa. Tulimsukuma chini ya mkokoteni uliosimama kando ya shamba. Maji hakuna, ila mkokoteni ulikuwa na pipa la maji ya kufyatulia matofali ya ofisi mpya ya kata. Mzee Kapele hakuuliza mtu. Alifungua pipa, tukammwagia Lusia tangu kichwani, akina mama wakavua khanga zao za juu wakawa wanapepea kwa zamu, wawili wawili. Nilikuwa nimemshika kichwa. Kwanza alinitukana, kwa Kifipa kizito sana, matusi ambayo sikujua kama anayajua. Kisha akaanza kulia. Kisha akaomba maji. Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Ndugu Katibu alisimama pembeni muda wote. Tulipomaliza alitazama pipa, akauliza matofali yatafyatuliwa kwa maji gani leo.

Nataka mlielewe hilo vizuri. Hakuwa mtu katili. Alimpenda mama yake, alisaidia watu kupata nafasi za shule. Lakini aliona mwanamke na mtoto wake wamerudi kutoka kifoni, na macho yake yakaona pipa. Kazi ya ofisi ikikaa ndani ya mtu bila kuangaliwa inaweza kumfikisha hapo. Na mimi sikuwa tofauti naye sana siku nilipoona mtu anaungua nikaona blanketi. Tofauti ni kwamba mimi niliambiwa nikalia.

Usiku sikulala, sina haja ya kuwaeleza. Asubuhi nilifungua daftari, nikachora mstari juu ya neno malaria, wino mwekundu, neno la zamani lisomeke, kama mlivyofundishwa ninyi pia. Nikaandika pembeni: joto kali, kazini shambani, saa saba mchana, alifunikwa kwa makosa ya matibabu. Nikaweka jina langu. Taarifa ya mwisho wa mwezi ya kwenda wilayani niliiandika hivyo hivyo.

Habari hazikai. Kabla taarifa haijaondoka, Ndugu Katibu alikuja zahanati, akafunga mlango. Mle ndani kulikuwa kama tanuri la matofali, naye amevaa suti iliyofungwa vifungo mpaka kwenye kola. Aliomba daftari, akasoma, akalirudisha mezani. Alizungumza kwa upole. Aliniambia kwamba wilayani wakisoma hivyo wataelewa kijiji chetu kinaua watu kwa kazi, na maadui wa vijiji wanatafuta maneno kama hayo. Akasema tena kwamba nimejiandikia kosa mwenyewe, nitafukuzwa, wakati malaria haimdhuru mtu yeyote. Kila mtu anakufa kwa malaria. Andika malaria, akasema, tulinde kijiji.

Nitawaambia kweli, nilitamani. Mkono ulitaka kuchukua kalamu. Nilikuwa na wazazi wananitegemea, na yeye alikuwa anaongea vizuri. Kilichonizuia si ushujaa. Nilikumbuka tu kwamba neno malaria ndilo lililomuua Alfonsi. Kama ningekuwa na neno jingine kichwani siku ile, angekuwa hai. Basi nesi atakayekuja baada yangu akisoma daftari lile na kukuta malaria, atamfunika wa kwake.

"Siandiki," nilimwambia.

Aligeuka kwa Mzee Kapele, aliyekuwa anakunja bandeji pembeni kana kwamba hasikii. Alikuwa amebakiza muda mchache astaafu. Nilijua atanyamaza na nisingemlaumu. Mzee alisogea mezani, akachukua kalamu yangu, akaandika jina lake chini ya langu, pole pole kwa ule mwandiko wa zamani wenye mikia. Akarudi kwenye bandeji zake.

Ndugu Katibu alitoka bila kuaga. Kola yake ilikuwa imeloa.

Mkutano wa kijiji ukaitwa siku mbili baadaye, jioni jua likipungua. Ndugu Katibu alizungumza juu ya nidhamu, juu ya watu wanaoleta maneno ya kigeni, na kila mtu alijua ni nani anayesemwa. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu. Sikuyasema, kwa sababu Mama Yustina alisimama. Alikuwa bado amefunga kitambaa cha msiba. Hakupandisha sauti.

"Ndugu Katibu, tunaomba kuelewa. Shamba ni la kijiji, au ni la saa tatu?"

Akaendelea kuuliza, kama mtu asiyejua kweli: kipande alichopangiwa kila mtu, kuna kosa gani kikilimwa alfajiri? Ndugu Katibu alisema utaratibu ni utaratibu, majina lazima yaitwe. Mama Yustina akasema ahsante, akaketi. Nilidhani ameshindwa.

Kesho yake niliamshwa na sauti za majembe. Bado giza lilikuwa halijaisha vizuri. Akina mama walikuwa shambani, wote, kila mmoja na kibuyu, na wanaume wanafuata nyuma kwa aibu. Walilima vipande vyao. Jua lilipoanza kuuma walikuwa wanarudi nyumbani. Saa tatu Ndugu Katibu alifika na pikipiki yake, akakuta shamba limelimwa, tena zuri, na mtu wa kuitwa jina hakuna. Alibaki peke yake katikati ya udongo mpya na daftari lake. Alifanya hivyo siku nne. Ya tano alituma ujumbe kwamba kuanzia sasa kazi itaanza alfajiri, kwa maagizo ya ofisi ya kata.

Kwa maagizo ya ofisi ya kata. Basi sawa.

Sisi zahanati tulibandua kipande cha bati ili hewa ya moto itoke, tukatandika nyasi nene juu ya paa, watu wakatucheka kwamba tumerudi nyuma kimaendeleo. Ndani kulipoa. Nilipita nyumba kwa nyumba nawavua watoto kofia, na bibi mmoja alinifukuza na mwiko. Mvua zilikuja mwezi wa kumi na mbili. Hakuanguka mtu mwingine akafa. Lusia alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye kelele.

Mimi nilipata barua ya uhamisho kabla ya Krismasi. Wampembe, kule chini kwenye Ziwa Tanganyika, kwa wavuvi. Huko enzi hizo mtumishi alipelekwa kama adhabu. Walidhani wananiunguza. Nawaambia nilijifunza Wampembe kuliko chuoni. Wale ni watu wanaolijua joto. Wanakausha dagaa asubuhi, mchana hakuna anayejifanya hodari, watoto wako uchi majini, mtungi wa maji uko upande wa upepo wenye kitambaa kilicholoa. Ningekwenda huko mwaka mmoja mapema, Alfonsi angekuwa na wajukuu aliowaona.

Mzee Kapele alistaafu, akafa kwa uzee kitandani kwake, kijijini kwao. Taarifa yetu ya mwezi ule wilayani hakuna aliyeijibu. Nilipopita ofisi hizo miaka mingi baadaye niliomba kuona takwimu za mwaka ule, karani kijana akanitafutia kwa moyo mzuri. Kijiji chetu, vifo mwezi wa kumi na moja: kimoja, malaria. Mtu fulani huko juu alikuwa amesahihisha. Sikujua nimkasirikie nani, basi nikakasirika tu, mpaka karani akaniletea kiti.

Na Ndugu Katibu? Alipandishwa cheo mara mbili. Nilikutana naye baada ya sisi wote kustaafu, hapa sokoni, kwenye wauza nafaka. Alikuwa amekonda, anatembelea fimbo, nami nilikuwa napima ulezi kiganjani. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Alinikumbuka. Kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa.

"Nesi, mimi nilikuwa natekeleza tu."

"Hata Alfonsi alikuwa anatekeleza," nikamwambia.

Alitazama chini. Midomo ilicheza kama anayetafuta neno, na nilisubiri, nawaapia nilisubiri kwa moyo wote, maana neno moja tu lingetosha. Aliuliza bei ya ulezi.

Padri wangu ananiambia nimsamehe, kila Kwaresima ananiambia. Namwambia baba, mimi dhambi yangu niliiungama kwa mwenye msiba, mjane wa Alfonsi, mchana kweupe, akininyima hata salamu. Huyu akija kuungama ya kwake, nitakuwa wa kwanza kumpisha nafasi kwenye benchi.